Boti Iliyonukia Sambusa Mchana wa Ramadhani

Kwanza kasuku

Nilipokuwa mdogo, jirani yetu hapa Ujiji, Bi Mgeni, alikuwa na kasuku. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyeletwa kutoka ng'ambo, Kongo. Walimkata mbawa, kwa hiyo hakuruka, alitembea tu. Na alitembea kama mzee wa heshima, kichwa mbele, mabawa kayakunja nyuma, anakagua ua wa watu.

Bi Mgeni alikuwa mpishi wa shughuli, na kazi yake ilikuwa kuita watu: "Karibuni, chakula tayari!" Kasuku akajifunza. Tena kwa sauti ile ile ya mama, pamoja na kikohozi chake. Ikawa asubuhi hakuna hata moto uliowashwa, unasikia "Karibuni, chakula tayari!" Wapita njia wanaingia, wananawa mikono, wanakaa. Bi Mgeni akitoka chumbani anakuta wanaume wazima wamejaa mkekani wanatazamana. Na kwetu mtu akishanawa mikono nyumbani kwako, huwezi kumwambia ondoka. Basi mama wa watu anapika. Alilisha mtaa mzima kwa sababu ya ndege.

Siku moja akamchoka, akamwambia, "Wewe ndege utanimaliza." Kasuku akamtazama. Akashuka kizingiti, akafuata njia ya msikitini, hatua kwa hatua, wala hakugeuka. Hakurudi tena. Sisi watoto tulimtafuta mpaka ufukweni, hata unyoya hatukuuona.

Mliniuliza barazani kwa nini nimerudi kutoka Buhingu nimevaa fulana ya kwaya, na mimi Mwislamu tangu tumboni. Mlitaka jibu fupi. Sina. Lakini mkimkumbuka yule kasuku mtanielewa, maana safari nzima tulikuwa kama yeye, tunawaita watu kwenye chakula ambacho hakipo.

Mpwa wangu Maulidi, mtoto wa marehemu dada yangu, mnamjua, fundi wa injini za boti. Huyu kijana amejifunza kutengeneza dizeli kwa mafuta ya kula. Anachukua mafuta, anatia spiriti kali na ile kostiki ya kutengenezea sabuni, anakoroga, anaacha yatulie. Chini kinakaa kitu kizito kama uji wa ulezi, juu yanabaki mafuta mepesi ya rangi ya chai. Yale mepesi anayaosha, anayakausha, anayatia kwenye injini, nayo inakwenda. Kile kizito anapikia sabuni. Nilimwambia, "Maulidi, hiyo ni dizeli au ni mchuzi?" Akacheka. Akasema kila mara lori la dizeli likikwama njiani, boti zote zinalala, na huku sisi tumezungukwa na michikichi mpaka mlangoni. Na kweli, michikichi ipo mpaka mlangoni.

Balaa ni kwamba mapipa ya kwanza aliyojaribia yalikuwa mawese ya mkewe, Siwema. Mawese mazuri, mekundu, aliyoyaweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Siwema alirudi kutoka sokoni akakuta mapipa yametoka chumbani na injini inanguruma. Hakupiga kelele. Alisema, "Maulidi, umechoma harusi ya mdogo wangu." Akafunga vitu vyake, akapanda boti ya abiria, akarudi kwao Buhingu, huko kusini chini ya milima ya Mahale.

Baada ya muda ukaja ujumbe wa baba yake, Mzee Kalunde: "Aje kumfuata mke kwa hayo mafuta yake. Akitia tone moja la dizeli ya kituoni, ageuze, talaka aitume. Na Idi isimkute njiani." Na Siwema naye akaongeza la kwake: "Na akitia mawese ambayo mtu angeweza kulia wali, asishuke kwenye boti."

Dizeli hapana, chakula hapana. Kijana alikaa mlangoni kwangu akainamisha kichwa. Nikadhani analia. Kumbe anafikiri. Akasema, "Mjomba, Ramadhani inaingia. Ujiji yote itakaanga."

Ni kweli. Mwezi huo hakuna nyumba isiyokaanga. Maulidi akawa anazunguka na madumu, Katubuka kwa akina mama wa sambusa, Mwanga sokoni kwa wakaanga samaki, anaomba yale mafuta meusi ambayo watu huyamwaga mtaroni. Akayapika kwa spiriti yake mpaka tangi likajaa na madumu mawili juu.

Mimi nikawekwa kuwa msemaji. Mwanamume hamfuati mke ukweni peke yake kama mtu aliyesahau mwavuli. Lazima awe na mzee wa kusema. Nikapiga pasi kanzu yangu nyeupe, ile ya Idi, nikaikunja kwenye mfuko wa nailoni nisije nikaaibisha ukoo.

Ujiji, ambako tulitafutiwa sufuria

Kulikuwa na mtu wa tatu, Barnaba. Huyu ni Muha wa Kasulu aliyehamia Buhingu, jirani wa Mzee Kalunde, mfanyabiashara wa migebuka mikavu, wale samaki wa ziwa letu. Alikuwa amekuja kuuza, na wakati wa kurudi kwake Mzee Kalunde akamtuma awe shahidi wetu. Alikagua tangi, akalinusa, akafunga kifuniko kwa kamba yake mwenyewe, fundo lake mwenyewe, kisha akakaa juu yake. Ukimuuliza jambo anajibu "Ego," ndiyo ya kwao, halafu kimya. Nilimuuliza kama atakaa juu ya tangi mpaka Buhingu. "Ego."

Tuliondoka mchana, jua kali kati ya mvua na mvua. Injini ikawaka mara moja, bila ule moshi mweusi unaotangulia kama bibi harusi wa shetani. Moshi wake ulikuwa mwembamba. Nikaanza kusifu. Halafu upepo ukageuka ukaupeleka ule moshi ufukweni, na ufukweni walikuwa wamekaa watu wa Ujiji, wamefunga, hawana la kufanya ila kungoja magharibi.

Nikasikia sauti, "Nani anakaanga?"

"Mchana kweupe!"

"Ni kwenye boti ile! Na Mzee Sudi yumo! Mzee Sudi, na mvi zote hizo!"

Sudi ni mimi. Nikapunga mkono kuonyesha kwamba sina kitu mkononi. Wakaona napunga kwa dharau. Vijana wakaingia majini mpaka kiunoni, wakashika ubavu wa boti, wakaturudisha nchi kavu kama samaki.

Wakatafuta sufuria. Walifunua turubai, wakafunua nyavu, wakafungua mfuko wangu wa kanzu. Walichopata ni muhogo wa kuchemsha na karanga za Barnaba.

"Hivi ni vyangu," Barnaba akasema. "Mimi ni Mkristo." Akatafuna karanga moja, kuthibitisha.

"Wewe kula tu, bwana, hatukugusi," kijana mmoja akasema. "Lakini huu umechemshwa, na hapa kuna mtu anakaanga."

Maulidi akaeleza mambo ya spiriti na kostiki. Hakuna aliyemsikiliza, mtu mwenye njaa haelezwi kostiki. Mwishowe akaitwa shehe wa pale karibu, mtu mpole mwenye miwani. Akaomba injini iwashwe. Akainama kwenye ekzosi, akanusa.

"Sambusa," akasema.

Watu wakaguna. Akanusa tena.

"Za nyama." Halafu akaruka nyuma, akajifuta pua kwa kilemba, "Astaghfirullah," kwa sababu nadhani alijiona amenusa zaidi ya ilivyohitajika.

Akaamuru izimwe. Harufu ikaondoka. Iwashwe. Ikarudi. Zima, washa, zima, washa, mpaka mama mmoja mnene akapasua umati akipiga kelele, "Hizo ni sambusa zangu! Mimi ndiye niliyempa huyu mtoto mafuta ya kumwaga! Kitunguu changu nakijua!" Alikuwa Bi Chausiku wa Katubuka, na alisimama pale anajisifu kama amezaa. Kesi ikaisha.

Shehe akatoa neno lake. Harufu haivunji saumu, ila mtu asiifuate kwa makusudi. "Wewe mzee, kaa mbele, mgongo uuelekee moshi. Na ukijiona unavuta pumzi kwa raha, soma dua."

Nilisoma dua nyingi sana safari ile. Lakini niseme la haki: mnajua kifua changu. Nikipanda boti ya dizeli nusu saa nakohoa mpaka natoa machozi, na kichwa kinauma mpaka kesho yake. Safari hii moshi ulinifuata mpaka mbele nilipokaa, sikukohoa hata mara moja. Niliteseka kwa njaa tu, na njaa si ugonjwa.

Mlango wa Malagarasi, ambako kanzu yangu iliingia kazini

Jioni tulikuwa mbele ya Ilagala, pale mto Malagarasi unapomwaga maji ya udongo ziwani. Ni mahali pa viboko. Sipapendi. Ndipo injini ilipokohoa, ikapiga kwikwi, ikanyamaza.

Maulidi akafungua chujio la mafuta, akatoa matope meusi kama wali ulioungua.

"Nilijua," Barnaba akasema kutoka juu ya tangi. Ndilo neno la kwanza alilosema bila kuulizwa tangu zile karanga zake.

"Si mafuta yangu, Kaka Barnaba," Maulidi akasema. "Haya ni masizi na utando wa dizeli ya zamani, umelala ndani ya tangi miaka yote. Mafuta yangu yanaosha. Yameuamsha uchafu wote."

"Kwa hiyo tumekwama kwa sababu ya usafi," nikasema.

"Ndiyo, Mjomba."

Kiboko mmoja akatoa macho, akatutazama, akazama. Sikupenda alivyozama, alizama upande wetu. Bahati ikapita boti ya wavuvi, nahodha wake anamjua Maulidi. Akapaza sauti, "Fundi! Umekwama? Nina dumu la dizeli hapa, chukua uoshee mabomba uondoke, giza linaingia!"

Nikamtazama Maulidi. Maulidi akamtazama Barnaba. Barnaba akatazama fundo lake.

"Ahsante, kaka, dizeli situmii," Maulidi akajibu.

"Fundi wa boti hutumii dizeli?"

"Nimeachwa na mke."

Yule nahodha alifikiri kidogo jinsi hayo mawili yanavyokutana, akaona si shughuli yake, akaenda.

Chujio lile halikufaa tena. Tulihitaji kitambaa chepesi, safi, cha pamba. Maulidi aliangalia tu mfuko wangu wa nailoni, kwa adabu, kama mtu anayemtazama kuku wa jirani. Nikasema hapana. Kiboko akaibuka tena, safari hii karibu, akapumua. Nikasema chukua.

Tukakata upindo wa kanzu kwa kisu cha migebuka, tukachuja mafuta yote, dumu hadi dumu, mimi nimeshika kitambaa, Barnaba kasimama akihesabu fundo lake kila likifunguliwa na kufungwa. Shati langu la safari likageuka rangi. Injini ilipowaka tena, iliwaka laini kuliko mwanzo, inazungumza chini chini kama wanawake msibani. Barnaba akaisikiliza muda mrefu. Alikuwa amewahi kuwa na boti, nikaja kujua baadaye, ikamfia injini.

"Haigongi," akasema.

"Mafuta haya yanateleza zaidi, kaka. Yanaipaka ndani wakati yanaichoma," Maulidi akasema.

"Ego," akasema Barnaba. Lakini ilikuwa Ego nyingine.

Sigunga, ambako tulitoa sadaka bila kujua

Tulilala Ilagala, kesho yake tukakata mwambao kwenda kusini mchana kutwa, tukafika Sigunga jua likikaribia kuzama. Saa mbaya sana ya kufika mahali unanukia sambusa.

Kabla hata hatujagusa mchanga, niliona watu wanashuka kutoka majumbani. Wamebeba mikeka, mabakuli, birika la kunawia. Mzee mmoja kajifunga shuka safi. Walikuwa wamesikia harufu tangu tulipozunguka rasi, wakajua kuna tajiri analeta futari, kama matajiri wanavyofanya mwezi huo. Wakatandika mikeka. Wakanawa mikono.

Nikamkumbuka Bi Mgeni. Nikasema moyoni, leo zamu yangu.

"Karibuni, karibuni," akasema bibi mmoja mwembamba aliyeitwa Bi Nyamizi. "Sufuria tuwasaidie kubeba?"

Nikawaeleza. Hakukuwa na njia ya kulisema vizuri. Mtu mmoja akafuta mikono kwenye shuka. Halafu Bi Nyamizi akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika magoti. "Yaani mmekuja mnanukia tu? Wanangu, hebu waoneeni huruma hawa, wamekaa na harufu hiyo tangu Ujiji!" Wakatulisha wao. Ugali wa muhogo, dagaa wa kukaanga, uji wa pilipili manga. Tulikula mpaka Barnaba, ambaye hakuwa amefunga, akafuturu kuliko sisi.

Kabla ya kula tulikuwa tumeshusha yale madumu mawili ili boti iwe nyepesi kuivuta, tukayaweka kivulini ukutani mwa msikiti. Hapo ndipo tulipokosea. Sehemu zile mtu akiweka dumu la mafuta ukutani mwa msikiti mwezi wa Ramadhani, ameshatoa. Haulizwi. Kuuliza ni kumwaibisha. Taa zao za sola zilikuwa zimezimika kwa mawingu ya masika, wakaona Mungu ameleta. Baada ya tarawehe imamu akasema, "Mwenyezi Mungu awalipe waliotuletea mafuta," nami nikaitikia amina kwa sauti kubwa, nikiwapongeza hao watu, wawe nani.

Asubuhi madumu yalikuwa matupu, yameoshwa, yameanikwa. Mafuta yalikuwa yamekwisha gawanywa kwenye koroboi za kijiji kizima.

Maulidi rangi ilimtoka. "Kuna aliyeyapikia?"

"Nani apikie?" akasema Bi Nyamizi. "Niliyanusa nikajua yameshaingiwa na dawa. Nikasema ni ya taa tu. Na yamewaka vizuri, mwanangu, hayakutoa masizi, tazama dari yangu."

Tungewaambia nini? Rudisheni? Imamu ameshaomba, na mimi nimeshaitikia. Maulidi akapima tangi kwa kijiti. Mafuta yaliyobaki yangetufikisha nusu ya njia, halafu tungeelea mpaka Idi. Dukani kulikuwa na dizeli. Duka lile lile lilikuwa na mawese mapya, mekundu, yanapendeza kabisa. Vitu viwili, na vyote viwili haramu kwetu.

Nikamwona Barnaba anashuka kutoka kwenye tangi, anajinyoosha. Akamwambia Maulidi, akitazama milima, "Mimi nina usingizi. Nikilala huwa sioni kitu."

Nilishangaa. Maulidi naye alishangaa. Akamshika mkono. "Kaka Barnaba, ahsante. Wewe utalala, lakini Siwema hatalala. Yule akinusa atajua. Na akijua nimemkosea mara ya pili, hata nikimpata sitakuwa nimempata."

Akakaa mchangani. Huko majini Bi Nyamizi alikuwa ameingia na ndoo, anachota maji ya kunywa, pale pale ubavuni mwa boti yetu. Akasita. Akainama, akatazama juu ya maji, akazunguka upande wa pili, akatazama tena.

"Mbona boti yenu haikuacha ile rangi rangi?" akauliza.

"Rangi gani?"

"Ile ya upinde wa mvua. Boti zikilala hapa, asubuhi maji yana utando wa mafuta, tunakwenda kuchota kule kwenye mawe, mbali, na mimi magoti yangu haya." Akateka kwa kiganja, akanusa. "Maji ni maji."

Maulidi akasema kwamba yakimwagika kidogo huliwa na maji, huoza kama chakula kinavyooza, hayakai. Bi Nyamizi hakujali sana maelezo. Alijaza ndoo yake, akaondoka. Baada ya kitambo akarudi na kikaango.

"Jana nilikaangia kalimati. Haya yamebaki, meusi. Unayataka?"

Nyuma yake alikuja mwingine na mafuta ya dagaa. Na mwingine. Kijiji kizima kilikuwa na kikaango kimeinamishwa mlangoni, kilichobaki kinangoja kumwagwa. Muda wa kuyapika kwa spiriti hatukuwa nao. Maulidi akayapasha moto, tukayachuja kwa kanzu yangu, safari hii mikono yote miwili ya kanzu, akayachanganya na yale mazuri tangini. "Si kazi nzuri hii, Mjomba," akaninong'oneza, "itatoa moshi kidogo. Injini mpya ingegoma. Lakini hii ni ya zamani, haina madaha."

Barnaba akafunga fundo lake, akakaa juu ya tangi.

Buhingu

Shati langu lilikuwa halitazamiki na kanzu, maana tulichuja njia nzima, ilikuwa imebaki kola. Karibu na Buhingu, Barnaba akafungua begi lake akanipa fulana safi. Ilikuwa ya kijani. Kifuani: KWAYA YA VIJANA. Mgongoni: PASAKA NJEMA. Nikamwambia Barnaba, mimi naenda kusema mbele ya wakwe, mwezi wa Ramadhani. Akasema, "Ni hiyo au kifua wazi." Nikaivaa.

Tuliingia alasiri imekwenda, nyuma yetu harufu ya sambusa, dagaa na kalimati vikichanganyika. Ufuko mzima ulikuwa umesimama, pua juu. Mzee Kalunde alikaa kwenye kiti chake kando ya maji, kanzu nyeupe kama maziwa, bakora mapajani. Juu kidogo, mlangoni, alisimama Siwema, mikono kaikunja kifuani, na mama yake pembeni.

"Salaam aleikum, mzee mwenzangu," nikasema.

Alinisoma kifuani taratibu. "Aleikum salaam. Wewe ndiye msemaji wa Maulidi?"

"Ndiye."

"Geuka."

Nikageuka. Akasoma na mgongo. "Haya," akasema, "na wewe pia." Akamgeukia Barnaba. "Dizeli?"

Barnaba akasimama. Sijawahi kumsikia mtu yule akisema maneno mengi namna ile. Alionyesha fundo. Alisema kamba kaifunga mwenyewe, kaifungua mwenyewe. Alisimulia kiboko, nahodha, duka la Sigunga. Hata lile la usingizi wake alilisema, kichwa chini. "Angeweza, Mzee. Mimi mwenyewe nilimfungulia mlango. Akakataa. Tone halikuingia."

Mzee Kalunde akainuka. Akaamuru injini iwashwe, akaenda akasimama nyuma ya ekzosi, kanzu yake nyeupe ndani ya moshi wenyewe, makusudi. Tukangoja. Mnajua dizeli inavyofanya kanzu, vidoa vyeusi kama chui. Alitoka, akakagua mkono wa kulia, akakagua wa kushoto, akamwita mtu amtazame mgongoni. Nyeupe. Nadhani lilimuudhi sana jambo lile. Alinuna.

Siwema akashuka. Hakumtazama mumewe. Aliokota kwenye boti kipande cha kanzu yangu tulichochujia, tambara jeusi linalodondosha, akalipeleka puani.

"Dagaa," akasema. "Kalimati. Hii sambusa, kitunguu kingi. Na huyu aliyekaanga migebuka aliiunguza." Akanusa tena, kwa muda, sehemu sehemu, na Maulidi pale kwenye mchanga hapumui. "Mawese mabichi hamna."

"Hamna," akasema Maulidi.

Hapo akamtazama. "Umekonda."

"Nimefunga."

"Kila mtu amefunga. Wewe umekonda."

Nikaona wakati wangu umefika. Nikakohoa, nikasema maneno niliyoyaandaa tangu Ujiji: kwamba kijana alikosa, kwamba harusi haichomwi, kwamba amekuja kwa njia aliyoambiwa aje, mafuta ambayo hayakumnyima mtu tonge. Nilisema vizuri, hata kama mgongo wangu ulikuwa ukiwatakia watu Pasaka njema. Nikamalizia, "Basi, mzee mwenzangu, tunangoja neno lako."

Kijiji kizima kinangoja. Mzee Kalunde alitazama boti, akatazama kanzu yake, akamtazama Barnaba, shahidi aliyemtuma yeye mwenyewe.

"Nimesikia," akasema. "Ngoja kwanza nikatazame mbuzi."

Akachukua bakora, akapanda njia ya migombani inayokwenda mlimani, mikono nyuma, kichwa mbele, hatua kwa hatua.

Tukangoja. Adhana ikalia, tukapewa tende na maji. Tukangoja. Mama mkwe akaleta mihogo ya kukaanga, na Maulidi, huku anakula, macho yako kwenye kikaango: "Mama, samahani, mafuta hayo msiyamwage." Siwema akaficha kicheko kwenye kanga. Tukamaliza kula. Nikamwambia mama mkwe kwa adabu, labda mtu atumwe akamwangalie mzee, mbuzi wale pengine wamepotea.

"Mbuzi gani?" akasema. "Huyu hajafuga hata kuku."

Nikageuka kutazama njia ya migombani.

"Baba Siwema akikataa jambo, hukaa," akasema mama, anakusanya vyombo. "Hukaa hapo hapo anakataa mpaka mnachoka. Hii miaka yote sijamwona akikataa huku anatembea." Akamgeukia binti yake. "Vitu vyako viko wapi?"

"Nyuma ya mlango," akasema Siwema. "Tangu mliposema harufu inakuja."

Asubuhi tulipakia boti, Siwema na vitu vyake ndani, na mafuta ya mihogo tangini. Barnaba alikuja kutusukuma majini, fulana yake akaniachia. Mimi nilikuwa nikitazama njia ya migombani mpaka tulipozunguka rasi, kwa sababu nilitaka nimuage Mzee Kalunde vizuri.

Hakurudi.